Steringi Hafi, Anakufa Dogo: Need for Speed na Swali la Fundi wa Tandika

Flashi ilikaa kwenye kopo la nati kwa miaka miwili. Flashi ndogo nyekundu, GB 8, mfuniko ulishapotea zamani, imepakwa rangi ya kucha pembeni ili isichanganywe na za watu wengine. Kila fundi pale gereji, Tandika, alikuwa anaiona kila akichukua nati. Hamna aliyeigusa. Ilikuwa ya dogo.

Sasa kuna Jumamosi moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, barabara imejaa maji, wateja hamna. Mwenye gereji, jamaa wa miaka 29 hivi, akaitoa flashi kwenye kopo, akaifuta kwa fulana, akaichomeka kwenye laptopu ya fundi rangi. Ndani zilikuwepo singeli kama mia, picha za harusi ya jirani, na muvi moja tu: Need for Speed. Dogo alilipa mia tano akaingiziwa pale sokoni kwa mtu wa muvi. Tarehe ya faili ilikuwa ya Alhamisi. Dogo alifariki Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Hakuwahi kuiangalia.

"Tuiangalie basi," fundi umeme akasema, sauti ya chini.

Wakaiangalia watu watatu, wamekaa kwenye siti ya Noah iliyong'olewa. Saa mbili na kitu baadaye fundi rangi alikuwa bado anabisha ni gari gani lilikuwa kali kuliko yote. Mwenye gereji yuko kimya. Halafu akasema kitu kimoja tu:

"Mbona huyu dada hawakumuuliza chochote?"

Ili uelewe kwa nini alisema vile, inabidi kwanza uijue muvi yenyewe. Halafu umjue dogo.

Need for Speed ilitoka Machi 2014. Imetokana na gemu ya magari ya Electronic Arts, ile ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1994, yaani kuna watu wamekua nayo, wameoa nayo, sasa hivi wanamfundisha mtoto kushika padi. Na muvi ilipotoka ilikuwa na kila sababu ya kuwa kali. Steringi ni Aaron Paul, yule Jesse wa Breaking Bad, tamthilia iliyokuwa imeisha Septemba 2013, watu bado wana machozi. Mwongozaji ni Scott Waugh, ambaye kabla ya kuongoza alikuwa mmoja wa wale wanaoruka na kuanguka badala ya waigizaji. Yeye alitaka magari yaendeshwe kweli, yaruke kweli, yasichorwe na kompyuta. Bajeti dola milioni 66. Ilikuja kuingiza zaidi ya milioni 200 dunia nzima, lakini kwao Marekani iliambulia kama milioni 43 tu. Wenyewe hawakuielewa.

Hadithi iko hivi. Tobey Marshall ni fundi. Ana gereji aliyoachiwa na marehemu baba yake kwenye mji mdogo wa Mount Kisco, New York, na deni la benki limemkaba shingoni. Usiku anashindana mitaani ili apate hela. Anatokea Dino Brewster, mwenye hela zake, mshindani wake wa zamani, anampa kazi ya kumalizia Mustang. Mustang inauzwa dola milioni 2.7. Badala ya kila mtu achukue chake aondoke, wanapandishana mori, wanaingia barabarani na Koenigsegg tatu: moja Tobey, moja Dino, moja anapewa kijana wao wa pale gereji anaitwa Pete. Dino akiona anashindwa anamgonga Pete kwa nyuma. Gari linapinduka, linatoka darajani, linawaka moto. Dino anakimbia. Tobey anageuza kwenda kumwangalia dogo, ndo anakamatwa yeye. Miaka miwili jela. Akitoka anaipata ile Mustang, ana saa 45 tu za kukata Marekani nzima mpaka San Francisco, awahi mbio za siri zinaitwa De Leon, amkute Dino barabarani.

Unaona mwenyewe. Fundi. Gereji. Deni. Dogo anayependa mbio. Ukimwekea mtu wa Tandika mwenye gereji yenye deni, hiyo siyo muvi tena, hiyo ni barua yake. Jamaa alisogea mbele kabisa mpaka fundi rangi akamwambia asizibe kioo.

Na kwenye magari haki itendeke, muvi haikudanganya mtu. Pale Detroit Mustang inaporuka juu ya barabara nzima, mafundi wote watatu walipiga kelele. Pale wanapojaza mafuta gari likiwa kwenye mwendo, fundi umeme alishika kichwa. Pale Moab, kwenye yale majabali mekundu, Mustang inaenda ukingoni na helikopta inainyakua inaondoka nayo hewani, hapo hata mvua walisahau. Mtu anayejua gari ni chuma, lina uzito, lina breki zinazochoka, anaona kabisa kwamba hiki kitu kimefanyika kweli. Kuna muvi nyingi za magari ambazo gari linaruka kama karatasi. Hii gari likitua, unasikia kwenye mgongo.

Shida ilianza kila gari liliposimama.

Likisimama, wanatakiwa waongee watu. Na watu hawamo.

Dogo alianza kuipenda Need for Speed kwenye kibanda cha gemu, PlayStation 2, mia mbili mchezo mmoja. Hela ya maandazi ya shule yote ilikuwa inaishia pale. Alikuwa anacheza Most Wanted, ile ya 2005, yenye ile BMW ya bluu na fedha na polisi wasiochoka. Kaka yake alikuwa anatumwa na mama kwenda kumtoa pale kwa kumshika sikio, halafu anafika anakaa na yeye anacheza. Sasa kumbuka kitu kimoja kuhusu ile gemu: dereva unayemwendesha hana sura. Hasemi neno. Huijui historia yake. Na hamna mtoto hata mmoja aliyewahi kulalamika, kwa sababu dereva ni wewe. Ukigonga ukuta, ni vidole vyako vimechelewa. Ukiwatoroka polisi, moyo unaodunda ni wako.

Muvi haina padi. Umekaa kwenye siti ya Noah, mikono mitupu, anayeendesha ni mtu mwingine. Huyo mtu lazima umjue ndo umuogopee. Waandishi wa muvi walichukua barabara za kwenye gemu, magari ya kwenye gemu, polisi wa kwenye gemu, halafu wakajisahau wakachukua na dereva wa kwenye gemu. Yule asiye na sura.

Aaron Paul ni mtu wa kuchukua tuzo za Emmy, anajua kulia mpaka na wewe unalia. Hapa kazi aliyopewa ni kukunja uso na kubadilisha gia. Tobey haogopi kitu, hajuti kitu, hana anachokipenda nje ya gari. Amekasirika mwanzo, amekasirika katikati, mwisho amekasirika kidogo. Basi.

Washkaji zake ndo usiseme. Benny, anayeigizwa na Scott Mescudi, yule rapa Kid Cudi, kazi yake ni kupaa. Anapaa na ndege, anapaa na helikopta, mpaka ya jeshi anaiba, anafungwa. Kwa nini mtu akubali kufungwa kwa ajili ya Tobey? Wamefahamiana vipi? Tobey alimfanyia nini? Hamna. Finn ni Rami Malek, huyo huyo aliyekuja kuchukua Oscar mwaka 2019. Kwenye muvi hii utamkumbuka kwa kuvua nguo zote ofisini siku anaacha kazi. Watu watacheka, sawa, lakini ukimaliza kucheka humjui. Michael Keaton, mtu mzima yule, amefungiwa kwenye chumba anaongea na maikrofoni, kama mtangazaji wa mpira ambaye hajawahi kufika uwanjani. Dino mwenyewe ni mbaya kwa sababu muvi inahitaji mbaya. Anayepumua kidogo ni Julia, wa Imogen Poots, yule dada wa Kiingereza anayepanda na Tobey kwenye Mustang. Na hata yeye amepona kwa sababu yuko ndani ya gari muda mrefu, mkikaa na mtu safari ndefu mtazoeana tu.

Halafu ndo kuna Pete.

Pete anacheka. Pete anamwamini Tobey, anamtabiria kwamba atakuja kushinda De Leon. Pete anaingia kwenye Koenigsegg. Pete anakufa. Imeisha. Hujui anakaa na nani, anapenda kula nini, anadaiwa na nani, anaogopa nini. Pale vibanda umiza kila mtoto anajua sheria moja: steringi hafi. Sasa kama steringi hafi na hadithi inataka mtu afe, inatafutwa shingo ya kuchinja. Analetwa dogo, anachekeshwa kidogo umpende haraka haraka, halafu anachomwa moto ili steringi apate sababu ya kuwasha gari. Pete siyo mtu kwenye ile muvi. Pete ni petroli.

Na ukidhani hilo ndo baya kuliko yote, subiri. Pete ana dada yake. Anaitwa Anita, anaigizwa na Dakota Johnson. Anita aliwahi kuwa mpenzi wa Tobey. Sasa hivi ni mchumba wa Dino. Hebu simama hapo ufikirie kwa sekunde moja tu. Mdogo wako wa damu amekufa. Aliyefungwa kwa kifo chake ni mwanaume uliyempenda zamani. Na anayekuvisha pete ya uchumba ndiye aliyemuua, wewe hujui, unamwandalia chai asubuhi.

Hiyo peke yake ni muvi nzima. Huhitaji hata gari.

Wao wakampa dakika chache. Anagundua ukweli kwenye kompyuta ya Dino, anamrudishia pete yake, anamwonyesha Tobey Koenigsegg iliyofichwa ili apate gari la kushindania, na shughuli yake imeisha. Hamna mahali muvi inakaa chini ikamsikiliza. Mwenye msiba amegeuzwa mtu wa kupokeza funguo.

Siyo kwamba muvi za mbio haziwezi, zinaweza. Rudi kwenye The Fast and the Furious ya kwanza, ya 2001. Kuna sehemu Dom amesimama gereji kwake na Brian, gari limeegeshwa, haliwaki. Anamsimulia baba yake alivyofia kwenye mbio, na yeye alivyomfanya yule aliyesababisha. Dakika chache tu. Baada ya hapo, kila Dom akikanyaga mafuta, baba yake yumo ndani ya gari. Au chukua Rush, ya 2013, miezi michache tu kabla ya Need for Speed. Ile ni kisa cha kweli cha James Hunt na Niki Lauda, msimu wa Formula One wa 1976. Kabla Lauda hajaungua pale Nürburgring, umeshamjua: mbishi, anahesabu hatari kama mhasibu, hapendwi na watu na hajali. Ndo maana akiungua, unaungua naye. Ndo maana akirudi barabarani wiki sita baadaye na vidonda kichwani, hukai vizuri kwenye kiti. Hunt alichukua ubingwa kwa pointi moja tu, na ukitoka hapo hujui umshangilie nani, kwa sababu wote wawili umewajua.

Kumjua mtu siyo lazima uambiwe maisha yake yote. Mfano huyu dogo wa Tandika. Alikuwa na miaka 19. Alipenda chapati ya jana, baridi, hataki ya moto. Akicheka anafunika mdomo kwa mkono, kwa sababu jino la mbele lilivunjika kwenye mpira. Alikuwa na deni la elfu kumi na tano kwa dada yake na alikuwa analilipa kwa mia tano mia tano, akisahau siku moja haombi msamaha, anafagia uwanja.

Hiyo ni mistari mitatu. Umeshamwona. Dola milioni 66 hazikupata nafasi ya mistari mitatu.

Dogo alikuwa anaendesha bodaboda, anapaki Mtoni kwa Aziz Ali. Jumamosi ile vijana wa pale walipangana kukimbizana usiku, Barabara ya Kilwa, mpaka Mbagala Rangi Tatu, dau elfu hamsini. Pikipiki ya dogo aliichokonoa kaka yake mwenyewe. Alibadilisha sproketi ya mbele ili ikimbie zaidi, akakaza cheni, akapiga na oili mpya. Saa tatu usiku dogo akapita gereji. Hakuzima hata injini. Akauliza:

"Bro, niende?"

Jamaa alikuwa chini ya gari, anafungua gia boksi, mdomoni ana tochi. Hakutoka. Akaitoa tochi mdomoni, akasema: "Nenda. Usinitie aibu."

Canter iliingia barabarani bila indiketa. Dogo hakufika Rangi Tatu. Canter haikusimama.

Kuanzia siku hiyo jamaa alikuwa anaitafuta hiyo Canter. Alikuwa na tarakimu mbili tu za namba, alizopewa na muuza mishikaki aliyekuwa upande wa pili wa barabara, na rangi: bluu, au labda kijani, ilikuwa usiku. Alizunguka maegesho ya malori. Alilipa watu soda. Alikuwa akisikia Canter inapita nje ya gereji anaacha alichokishika anatoka kuangalia bati. Mafundi wenzake walizoea. Walimwacha.

Ndiyo, na yeye alikuwa na Dino wake.

Sasa Jumamosi ya mvua, kwenye siti ya Noah, akamwona Tobey anafanya hicho hicho. Tobey hakai kimya hata mara moja akajiuliza: mimi ndo mkubwa pale, mimi ndo anayenisikiliza, kwa nini nilimwacha apande? Muvi imempa adui, na ukishapewa adui huna haja ya kujitazama. Fukuza tu. Kata Marekani nzima. Na mwisho anampata kweli. Dino anapinduka, Tobey anarudi kumtoa kwenye gari linaloungua, anakamatwa, anakaa ndani tena siku 178, akitoka Julia yuko nje na Mustang nyingine. Watu wa Hollywood wanaita hiyo haki imetendeka.

Jamaa aliangalia majina yanapita kwenye kioo, akamtafuta Anita kichwani, hakumkumbuka alipoishia. Ndo akasema lile neno. Mbona huyu dada hawakumuuliza chochote.

Fundi rangi akadhani anaongelea muvi, akaanza kuchambua. Fundi umeme ni mtu mzima, ana wajukuu. Yeye hakuchambua. Alikuwa anafunga waya zake kwenye mfuko. Akasema bila kumwangalia:

"Na wewe, mdogo wangu, wa kwako ulimuuliza?"

Mvua ikaendelea kupiga bati.

Maana kuna dada. Dada yao mkubwa, anakaa Chamazi, anauza chakula cha mchana karibu na shule. Siku ile usiku jamaa alifika hospitali akashindwa kuingia mochwari, akakaa nje kwenye ngazi. Aliyeingia kumtambua dogo ni dada. Aliyefua jaketi lake ni dada. Aliyekabidhiwa simu iliyopasuka, aliyekwenda kufunga laini, aliyeshika mkono wa mama siku tatu za matanga, ni dada. Na ndiye aliyeleta ile flashi gereji baada ya arobaini, kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mezani akasema, "Ilikuwa mfukoni mwake," akaondoka. Lakini watu msibani walikuwa wanakuja wanamwambia jamaa: pole fundi, pole sana fundi, ulikuwa naye kila siku. Dada wanamwuliza maji ya kunawa yako wapi.

Tangu arobaini wawili hawa walikuwa wanaongea dawa za mama na kodi ya nyumba. Jina la dogo halikutajwa. Jamaa alikuwa anamkwepa. Kwa sababu moja: dada hajui nani alimwambia dogo aende.

Jumapili akapanda daladala mpaka Chamazi. Alimkuta dada yuko uani anachambua mchele, ungo mapajani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama mzima?"

"Mzima." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akakaa weee, halafu akasema, "Jana nimeangalia ile muvi ya dogo. Iliyokuwa kwenye flashi."

Dada hakuinua uso. "Ya magari?"

"Ya magari."

"Mimi niliiona kwa jirani. Ya kutafsiriwa." Akapuliza pumba. "DJ mwenyewe alikuwa anaongeza maneno yake. Anasema huyo mtoto hapa mjini hana mtu, ana dada yake tu ndo anamlisha. Uongo wake tu, si unawajua. Lakini nilisimama nikatoka nje. Lile gari sikuliona linavyoruka."

Hebu pitisha hapo taratibu. Jamaa mmoja na maikrofoni yake, kwenye chumba chenye joto, anatafsiri muvi ya Wazungu kwa haraka ili aingie nyingine. Akaona huyu dogo hana kwao. Akampa kwao, sentensi moja. Na hiyo sentensi moja ikamtoa mtu mzima kwenye kiti. Wale waliolipwa kuandika hawakuiona.

Jamaa akasema kile alichokuja kusema. Alisema vibaya, akianzia katikati, sproketi kwanza, tochi, gia boksi, mpaka akafika kwenye "nenda". Dada aliendelea kuchambua mchele muda wote.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alinipigia akiwa anaondoka. Akaniambia bro kasema niende. Alikuwa na furaha." Akaokota kajiwe, akakatupa. "Alijua hata ukimkataza ataenda, ila alikuwa hapendi kwenda umemkatalia. Nimekaa nalo hilo neno nakusubiri uniulize. Hukuuliza. Wewe na Canter yako."

Hakukuwa na kukumbatiana. Haikuwa muvi. Jamaa alilia kwa mtindo wa wanaume wa gereji, kichwa chini, anajifanya anakuna jicho. Dada alimwacha amalize. Halafu akamweleza vitu ambavyo kaka hakuwa anavijua. Kwamba dogo alikuwa anajifunza Kiingereza kwenye simu usiku. Kwamba alikuwa anaogopa kupita makaburi ya Mtoni jioni na hakutaka bro ajue. Kwamba ile rangi ya kucha kwenye flashi ni yake yeye dada, dogo aliiomba akacheka mwenyewe.

"Deni lake alikuwa amebakiza ngapi?" jamaa akauliza.

"Elfu tatu."

Akatoa elfu tatu mfukoni. Noti zenyewe zina oili. Dada akaziangalia, akacheka huku machozi yanatoka, akazifunga kwenye ncha ya kanga.

"Sasa yamekwisha," akasema. "Kaa ule."

Kwa hiyo kama unatafuta muvi ya kuangalia wikiendi hii, Need for Speed unaipata kirahisi. Magari yake ni ya kweli, na ile ya Moab iangalie hata mara mbili. Lakini Anita akitokea usibonyeze kwenda mbele. Mwangalie usoni, kisha ujiulize maswali ambayo waandishi hawakumuuliza. Alipigiwa simu ya mwisho saa ngapi? Alikuwa anamdai nini mdogo wake? Nani aliingia mochwari?

Flashi imerudi kwenye kopo la nati. Canter zinapita bado nje ya gereji, na siku moja moja jamaa anainua kichwa. Hatoki tena kuangalia bati.